Kipimo Nacho Hupimwa

Miongoni mwa vifaa vinavyotegemewa na huduma za afya katika Afrika Mashariki, kinasa joto ni kimoja cha vile vinavyoaminiwa bila kuulizwa maswali mengi. Hiki ni kifaa kidogo cha kielektroniki kinachowekwa ndani ya jokofu la chanjo, kikapima joto kila baada ya dakika chache, kikaandika namba hiyo pamoja na saa yake katika kumbukumbu, na kutoa ishara ya hatari pale joto linapovuka mipaka iliyowekwa. Jokofu likiharibika, uharibifu wake huonekana mapema kwa maji yanayochuruzika au kwa injini iliyonyamaza. Kinasa joto kikipotoka, huendelea kuandika namba nadhifu zisizotofautiana kwa sura na zile za kifaa kizima. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo wataalamu wa vipimo hulishughulikia kila siku, na ambalo lina uzito wa kifikra kuliko linavyodhaniwa: ikiwa kifaa ndicho kinachotoa ushahidi wa usalama wa chanjo, ushahidi wa usalama wa kifaa chenyewe unatoka wapi?

Uzito wa swali hilo unatokana na namna chanjo zinavyoharibika. Chanjo nyingi za watoto hutakiwa kuhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na nyuzi 8 za Selsiasi, tangu bohari kuu hadi zahanati ya kijijini, katika mfululizo wa usafirishaji na uhifadhi unaoitwa mnyororo baridi. Chanjo ya surua na ya matone ya polio hudhoofishwa hasa na joto, ilhali chanjo zinazokinga dondakoo, kifaduro, pepopunda na homa ya ini aina B huharibiwa na baridi kali, kwa kuwa viambato vyake vimeshikamanishwa na chumvi za alumini, na barafu inapojiunda ndani ya kichupa huvunja mshikamano huo kwa namna isiyorudishika hata kichupa kikiyeyuka tena. Mwaka 1996, vichupa vya chanjo ya matone ya polio vilianza kubandikwa alama inayobadilika rangi kadiri joto linavyolimbikizana, na baadaye alama hiyo ikaenea kwenye chanjo nyingine. Lakini alama hiyo husimulia habari za joto tu, nayo haisemi lolote kuhusu kuganda. Kuna jaribio la kutikisa kichupa kinachoshukiwa na kukilinganisha na kingine cha toleo hilo hilo kilichogandishwa makusudi, ili kuona ni kipi ambacho mashapo yake hutuama upesi, ila jaribio hilo hufanywa pale tu ambapo mtu ameshakuwa na sababu ya kushuku.

Kwa hiyo madhara ya chanjo iliyoganda hayana dalili. Mtoto huchomwa sindano, kadi yake hujazwa, mzazi hurudi nyumbani akiwa na utulivu wa moyo, na kinga haijengeki. Hakuna siku ambayo kosa hilo hujitangaza, na hata mlipuko wa ugonjwa ukitokea miaka kadhaa baadaye, ni vigumu mno kuurudisha kwenye jokofu fulani na usiku fulani. Katika mazingira ambamo matokeo hayaonekani, namba iliyoandikwa na kinasa joto mara nyingi huwa ndiyo njia pekee ya kuyajua yaliyotokea, na ndiyo maana upotofu mdogo wa namba hiyo hauwezi kusahihishwa na macho, uzoefu wala nia njema ya mhudumu.

Masharti ya Shirika la Afya Duniani kuhusu vinasa joto vya siku 30, ambavyo ndivyo vilivyozoeleka katika majokofu ya vituo vya afya, yanaonyesha jinsi upotofu mdogo unavyoweza kuzaa uamuzi mkubwa. Ishara ya baridi hutakiwa kutolewa joto linapofika nyuzi −0.5 au chini yake kwa dakika 60, na ishara ya joto hutolewa linapozidi nyuzi 8 kwa saa 10 mfululizo. Tuseme kifaa fulani huzidisha joto kwa nyuzi 1: jokofu likishuka hadi nyuzi −0.5, kifaa kitaonyesha nyuzi 0.5, ishara haitatolewa, na vichupa vilivyoganda vitaendelea kutumika. Kifaa kinachopunguza joto kwa kiasi hicho hicho kitatoa ishara wakati jokofu lina nyuzi 0.5, na chanjo nzima zitatupwa. Makosa haya mawili yanalingana kwa hesabu lakini hayalingani kwa athari, kwa sababu la pili huonekana kama hasara katika daftari la bohari na hivyo huchunguzwa, ilhali la kwanza haliandikwi popote.

Ili kuelewa kwa nini kifaa hupotoka, ni lazima kwanza ieleweke kwamba kinasa joto hakipimi joto moja kwa moja. Ndani yake kuna kihisi, yaani sehemu ambayo tabia yake ya kimaumbile hubadilika joto linapobadilika, na katika vinasa joto vingi kihisi hicho ni themista, kipande cha kauri ambacho ukinzani wake wa umeme hupungua kadiri kinavyopata joto. Themista ya kawaida huwa na ukinzani wa omu 10,000 katika nyuzi 25, na hupoteza takribani asilimia 4 ya ukinzani huo kwa kila uzi mmoja unaoongezeka. Kifaa hupima ukinzani, hukigeuza kipimo hicho kuwa namba kwa hatua zilizokatwa, kisha hutumia mlinganyo uliohifadhiwa kiwandani kukisia joto ambalo lingeweza kuleta ukinzani huo. Kila hatua ya safari hiyo ina dhana iliyofichika: kwamba themista ya leo ni ile ile ya siku ilipotoka kiwandani, kwamba unyevu haukupenya, kwamba kifaa hakikudondoka wala kutikiswa mno katika gari lililopita kwenye barabara ya makorongo, na kwamba betri iliyochoka haijayumbisha mkondo wa umeme unaotumika kupimia. Dhana hizo zikilegea kidogo kidogo, kipimo huhama polepole kutoka kwenye ukweli, na kwa kuwa mlinganyo wa ndani haujui kwamba themista imezeeka, kifaa huwa katika hali ile wahenga waliyoisema kwamba nyani haoni kundule.

Idadi ya tarakimu zinazoonyeshwa kwenye kioo haisaidii kutambua hali hiyo, bali aghalabu huificha. Kifaa kinachoandika nyuzi 4.37 humfanya msomaji aamini kwamba hata ile 7 ya mwisho ina maana, ilhali tarakimu hizo hueleza tu udogo wa hatua ambayo kifaa kinaweza kuitenganisha na nyingine, na hazielezi iwapo hatua hizo zimeanza kuhesabiwa kutoka mahali sahihi. Vilevile, kifaa kinachorudia namba ile ile kila kinapopima hali ile ile kina uthabiti, lakini uthabiti si usahihi, kwa maana kifaa kinaweza kukosea kwa kiasi kile kile kila siku bila kuyumba hata mara moja.

Njia iliyopo ya kutoka katika mtego huo ni kalibresheni, ambayo katika ugezi, yaani sayansi ya vipimo, ina maana mahususi: ni kulinganisha, katika hali zinazodhibitiwa, namba zinazotolewa na kifaa kinachochunguzwa na zile za kipimo-rejea ambacho usahihi wake umeshathibitishwa, kisha kuandika tofauti iliyopo pamoja na kiasi cha shaka kilichobaki kuhusu tofauti hiyo. Wengi huichanganya na marekebisho, yaani kukigeuza kifaa ili namba zake zifanane na za rejea, lakini mambo hayo mawili ni tofauti, na istilahi za kimataifa za ugezi huyatenga kwa makusudi. Kifaa kilichokalibreshwa kinaweza kuwa bado kinakosea. Kilichobadilika ni kwamba kosa lake sasa linajulikana na linaweza kutolewa katika hesabu. Kinyume chake, kifaa kisichowahi kulinganishwa na chochote kinaweza kuwa sahihi kabisa, na usahihi huo usiwe na thamani yoyote, kwa sababu hakuna awezaye kuutegemea.

Ulinganishaji ulio rahisi kuliko wote, ambao hufanyika hata pasipo maabara kubwa, ni ule wa barafu inayoyeyuka. Maji safi na barafu yake vikikaa pamoja kwa utulivu hufikia nyuzi 0, na sifa njema ya nukta hiyo ni kwamba mwinuko wa mahali hauibadilishi kwa kiasi cha kujali. Nukta ya kuchemka haina sifa hiyo: mjini Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka karibu na nyuzi 94, na anayekisahihisha kipimajoto chake akidhani kwamba maji yanayochemka lazima yawe na nyuzi 100 atakiongezea kosa la takribani nyuzi 6. Hata hivyo barafu nayo ina masharti yake. Maji ya kisima cha pwani yenye chumvi huganda chini ya nyuzi 0, hivyo hutakiwa maji yaliyotoneshwa, na barafu yenyewe itokane na maji ya aina hiyo. Barafu isagwe na kujaza chombo hadi chini, maji yakijaza nafasi zilizobaki tu, kwa sababu maji huwa mazito kuliko hali zake zote yakiwa karibu na nyuzi 4. Vipande vichache vikielea juu, maji ya nyuzi 4 huzama na kutulia chini, na kihisi kilichogusa sakafu ya chombo kitapima maji hayo kwa usahihi kamili huku aliyekitumbukiza akiamini kwamba kinapima barafu. Kosa la aina hii ni la kufikirisha, kwa kuwa linaonyesha kwamba rejea iliyoandaliwa vibaya hukiharibu kifaa kizima kwa jina la kukisahihisha.

Katika maabara rasmi, vihisi vyenye waya huzamishwa katika hodhi la kimiminika kinachokorogwa ili joto lilingane pande zote, pamoja na kipimajoto cha platini, ambacho katika muundo wake uliozoeleka huwa na ukinzani wa omu 100 katika nyuzi 0 na takribani omu 138.5 katika nyuzi 100. Vinasa joto visivyoweza kuloweshwa hulinganishwa katika kabati la hewa iliyodhibitiwa, na shaka huwa kubwa zaidi kwa kuwa hewa hailingani joto kwa urahisi. Nacho kipimajoto cha platini hakijihakikishii chenyewe. Kimelinganishwa na kingine katika maabara ya ugezi ya taifa, kama zile za Shirika la Viwango Tanzania au za Shirika la Viwango la Kenya (KEBS), na hicho nacho kimelinganishwa na cha juu zaidi. Mfululizo huo ambao kila kiungo chake kina cheti na kila cheti kina kiasi chake cha shaka ndio unaoweza kuitwa nasaba ya kipimo, na kipimo kisichoweza kutajiwa nasaba yake hadi juu hakina hadhi ya kisayansi, hata kama kifaa kilichokitoa ni cha bei kubwa.

Mtu anaweza kutarajia kwamba juu kabisa ya nasaba hiyo kuna mahali ambapo shaka inakoma. Kwa miongo mingi mahali hapo palionekana kuwapo: kelvini, kipimo cha msingi cha joto, ilifafanuliwa kwa nukta-utatu ya maji, yaani hali ya pekee ambamo barafu, maji na mvuke hukaa pamoja kwa mizani ndani ya chombo cha kioo kilichofungwa, na nukta hiyo ilitamkwa kuwa kelvini 273.16 kamili, sawa na nyuzi 0.01 za Selsiasi. Tarehe 20 Mei 2019, siku ya kumbukumbu ya Mkataba wa Mita uliotiwa saini Paris mwaka 1875, fafanuzi mpya za vipimo vya msingi zilianza kutumika, na kelvini ikafungamanishwa na thamani maalumu ya namba ya Boltzmann, inayounganisha joto na nishati ya mwendo wa chembe. Tangu hapo nukta-utatu bado hutumika kila siku katika maabara na thamani yake haijabadilika kwa matumizi ya kawaida, ila sasa inahesabiwa kuwa namba iliyopimwa, yenye shaka yake ndogo mno. Kile kilichokuwa kikipima vyote kimeingia katika orodha ya vinavyopimwa, na badiliko hilo halikuitikisa sayansi ya joto hata kidogo, jambo linalothibitisha kwamba nguvu ya mfumo huu haikutegemea kuwapo kwa kitu kisichoulizwa.

Shaka inayozungumzwa hapa haina maana ya wasiwasi wala kutoamini. Ni namba inayoandikwa kando ya matokeo, ikieleza upana wa eneo ambamo ukweli unatarajiwa kuwamo, aghalabu kwa uhakika wa takribani asilimia 95. Mathalani, cheti kikisema kwamba kinasa joto fulani huzidisha joto kwa nyuzi 0.4 karibu na nyuzi 2, kwa shaka ya nyuzi 0.3 juu au chini, basi pale kinapoonyesha nyuzi 2.2 joto halisi hukadiriwa kuwa nyuzi 1.8, nalo laweza kuwa popote kati ya 1.5 na 2.1. Msomaji wa kioo pekee angesema jokofu limo ndani ya mipaka. Msomaji wa cheti angesema kwamba huenda limetoka, kisha angelipandisha joto kidogo kabla hakujaharibika kitu. Elimu ya kiasi cha kutojua kwake ndiyo iliyompa wa pili nafasi ya kutenda mapema.

Cheti pia kina mipaka ambayo mara nyingi husahaulika. Kalibresheni iliyofanywa katika nyuzi 2, 5 na 8 haitoi dhamana yoyote kuhusu nyuzi −70, na suala hilo lilijitokeza wazi wakati wa janga la UVIKO-19, pale baadhi ya chanjo zilipohitaji majokofu ya baridi kali kupindukia. Aidha, kinasa joto huandika saa pamoja na joto, na kwa kuwa ishara ya hatari hutegemea muda, saa nayo ni kipimo kinachohitaji kuhakikiwa. Saa ya kifaa inayokosea kwa sehemu 20 katika milioni hupotoka kwa takribani dakika 10 kwa mwaka, kiasi kinachovumilika. Kosa kubwa zaidi hutoka kwa binadamu, pale kifaa kinapoachwa kwenye saa za Greenwich na kubaki nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa 3, au pale 03:00 ya kifaa, ambayo ni saa tisa usiku, inaposomwa kuwa saa tatu, na tukio likatafutwa katika zamu isiyohusika.

Jamii za pwani hazikungoja maabara ili zitambue kwamba kipimo ni jambo la maadili. Nafaka iliuzwa kwa kibaba na kwa pishi ya vibaba vinne, karafuu ikapimwa kwa frasila, na sura ya 83 ya Kurani, Al-Mutaffifin, imepewa jina la wale wanaopunja katika vipimo. Sheria za leo zinaendeleza hima hiyo, na mnunuzi wa petroli au muuzaji wa korosho nchini Tanzania anazifahamu kazi za Wakala wa Vipimo kwa stika iliyobandikwa kwenye pampu au kwenye mizani. Hata hivyo maadili hayo ya kale yalimlenga hasa mpunjaji, mtu mwenye nia na faida. Kinasa joto kilichopotoka hakina nia wala faida, na hakuna anayenufaika na kosa lake. Ni upunjaji usio na mpunjaji, ambao aliyepunjwa ni mtoto asiyejua kwamba alistahili zaidi. Uadilifu wa mtu mmoja mmoja, hata uwe mkubwa kiasi gani, hautoshi kuuzuia, na ndipo utaratibu wa kulinganisha mara kwa mara unapochukua nafasi ambayo dhamiri pekee haiwezi kuijaza.

Sehemu ngumu ya utaratibu huo ni kwamba kalibresheni hutazama nyuma kama inavyotazama mbele. Cheti kilichoandikwa vizuri huwa na safu mbili: hali ambayo kifaa kilikutwa nayo kabla ya kuguswa, na hali kilichoachwa nayo baada ya marekebisho. Safu ya pili humfurahisha mwenye kifaa, kwa kuwa inamwambia kwamba sasa mambo ni sawa. Safu ya kwanza humtia katika hesabu nzito, kwani kifaa kikikutwa kimehama kwa nyuzi 1, rekodi zote zilizoandikwa tangu kalibresheni iliyopita huingia katika mashaka, na hakuna awezaye kusema ni siku gani kifaa kilipoanza kupotoka. Katika hali hiyo, kurekebisha kifaa bila kuandika kilivyokutwa ni kufuta ushahidi kwa tendo linalofanana na uangalifu.

Vinasa joto vingi vya siku 30 haviwezi kufunguliwa wala kurekebishwa. Hutoka kiwandani na cheti chake, hutumika kwa miaka michache hadi betri inapofikia ukomo, kisha hutolewa kazini na kuwekwa vipya. Desturi hiyo ina mantiki ya gharama, kwa sababu kukisafirisha kifaa kutoka zahanati ya mbali hadi maabara huweza kuzidi bei yake, lakini inaubakiza mzigo wote kwenye nidhamu ya kuheshimu tarehe ya ukomo, na inafanya vihisi vya kudumu vilivyofungwa katika bohari za kanda na za taifa, vinavyolinda shehena kubwa zaidi, viwe ndivyo vinavyopaswa kutengewa fedha za kalibresheni kila mwaka bila kungoja hitilafu.

Fedha hizo ni ngumu kutetewa mbele ya wapanga bajeti, kwa kuwa matunda ya kalibresheni njema ni kwamba hakuna kilichotokea. Lililo gumu zaidi ni mwenendo wa taasisi kuhusu safu ile ya kwanza ya cheti. Mahali ambapo fundi anayeripoti kwamba kifaa kimekutwa na kosa hulaumiwa kana kwamba kosa ni lake, vyeti vitakuwa visafi na vipimo vitapotoka, kwa sababu kila mwenye akili atajifunza kurekebisha kwanza na kuandika baadaye. Mahali ambapo kosa lililopatikana huhesabiwa kuwa faida ya uchunguzi, likaandikwa, likafuatiliwa hadi kwenye vichupa vilivyohusika na watoto waliochanjwa kwavyo, kisha ikaamuliwa kama warudiwe chanjo, kalibresheni hutimiza kazi yake. Taasisi inayotaka namba za kweli hulazimika kwanza kuwahakikishia wanaozisoma kwamba hawataadhibiwa kwa kuzisema.